Yai la siku ya tatu: Aristotle, Empedocles na ugomvi wa kusudi katika maumbile

Tafuta mayai ishirini au zaidi, uwape kuku wawili au zaidi wayaatamie. Kuanzia siku ya pili, kila siku toa moja, livunje, tazama kilichomo. Endelea hivyo hadi siku ya kuanguliwa. Maagizo haya yamo katika andiko la kitabibu la Wagiriki kuhusu mtoto aliye tumboni, mojawapo ya maandiko yaliyohifadhiwa chini ya jina la Hippocrates, tabibu mashuhuri wa Ugiriki ya kale. Mwandishi wake hakuwa na shida na kuku. Alitaka kumthibitishia msomaji kwamba mimba ya binadamu hukua kwa hatua, na kwa kuwa tumbo la mama halifunguliwi kila asubuhi, alimwambia aende bandani.

Katika karne ya 4 KK kazi ya aina hiyo tunaikuta tena kwa mwanafalsafa Aristotle, ila safari hii yai halikuletwa kuunga mkono jambo lililokwisha kuamuliwa. Linahojiwa. Kisa ninachokichambua hapa ni hicho: yai la kuku linalofunguliwa siku ya tatu, ya kumi na ya ishirini, na namna lilivyosimamishwa kama shahidi katika ugomvi mkubwa wa falsafa ya Kigiriki, yaani kama maumbile hufanya mambo kwa ajili ya kitu fulani au mambo hutokea tu. Niseme mapema ninaposimama. Yai lilimpa Aristotle ushindi halali katika swali moja. Yeye akaondoka na ushindi huo akaenda kudai na swali la pili, ambalo yai peke yake lisingeweza kulimaliza.

Mtu na mahali

Aristotle alizaliwa mwaka 384 KK huko Stagira, kaskazini mwa Ugiriki. Baba yake, Nicomachus, alikuwa tabibu wa Mfalme Amyntas wa Makedonia. Kijana akaenda Athens, akakaa kwa mwanafalsafa Plato miaka ishirini hivi. Plato alipofariki mwaka 347 KK, Aristotle akavuka bahari hadi Assos, pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki, kisha akahamia kisiwa cha jirani cha Lesbos. Mwenzake huko alikuwa Theophrastus, mzaliwa wa Eresos kisiwani humo humo, ambaye baadaye aliifanyia mimea kazi ile ile ambayo Aristotle aliifanyia wanyama.

Lesbos ina ghuba iliyoingia ndani sana ya nchi kavu. Aristotle anaitaja kwa jina la Pyrrha. Siku hizi inaitwa ghuba ya Kalloni. Vitabu vyake vya wanyama vimejaa habari za maji hayo, mpaka zile za aina ya chaza waliotoweka humo kwa sababu ya zana ya kuwakokota na kwa sababu ya ukame. Mtu wa namna hii amekaa na wavuvi, amewauliza, na ameandika walichomjibu. Lakini hawaamini kila wanalosema. Wavuvi walimwambia kuwa samaki jike hushika mimba kwa kumeza shahawa za dume. Akakataa, na akatoa sababu ambayo mimi huipenda: hakuna hata mmoja wao anayetazama mambo hayo kwa ajili ya kujua. Mvuvi anatazama kwa ajili ya kuvua.

Kilichoonekana

Maelezo ya yai yako katika kitabu cha sita cha uchunguzi wake wa wanyama. Kwa kuku wa kawaida, anasema, dalili ya kwanza huonekana baada ya siku tatu, mchana na usiku. Ndege wakubwa huchukua muda mrefu zaidi, wadogo muda mfupi. Moyo hujitokeza ndani ya ute mweupe, nao ni tone la damu tu. Tone hilo linadunda na kusogea kana kwamba lina uhai. Kutoka hapo zinaanza njia mbili za damu zinazokwenda zikijipinda, na utando wenye nyuzi za damu unakizunguka kiini cha njano.

Mfugaji wa leo anayemulika mayai kwa tochi ili ajue lipi lina kifaranga na lipi ni la kutupa anauona mtandao ule ule wa mishipa, umetawanyika kama utando wa buibui. Moyo wa kifaranga huanza kupiga ndani ya siku ya pili. Siku ya tatu ndipo jicho lisilo na kioo cha kukuza linapoweza kuushika bila taabu, kwa hiyo hesabu ya Aristotle ni hesabu ya mtu aliyetazama.

Baadaye kidogo mwili unajitenga, mdogo sana na mweupe. Kichwa kinajulikana, na ndani yake macho yametuna kupita kiasi, na hukaa hivyo kwa muda kabla ya kuanza kupungua. Sehemu ya chini ya mwili ni kama haipo ukiilinganisha na ya juu. Siku ya kumi kifaranga kinaonekana chote na viungo vyake vyote. Kichwa bado ni kikubwa kuliko mwili uliobaki, na macho makubwa kuliko kichwa, ila hayaoni. Ukiyatoa wakati huo, anasema, utakuta ni makubwa kuliko maharagwe, na ni meusi. Ukiyamenya ngozi, ndani mna majimaji meupe ya baridi yanayong'aa sana juani, wala hamna kitu kigumu.

Hapo pa jua sipapiti haraka. Kuna mtu, ama Aristotle mwenyewe ama aliyemtegemea, aliyatoa macho ya kifaranga kisichozaliwa, akayamenya, akayasogeza kwenye mwanga aone majimaji yake yana rangi gani. Habari ya "juani" haina kazi yoyote katika hoja. Imeandikwa kwa sababu ilionekana.

Karibu na siku ya ishirini, ukilifungua yai na kukigusa kifaranga, kinatikisika na kulia. Kichwa kimelala juu ya mguu wa kulia karibu na ubavu, na bawa limefunika kichwa. Kimeshaanza kuota manyoya laini. Na ukimpasua kifaranga siku kumi baada ya kuanguliwa, bado utakuta mabaki kidogo ya kiini yameshikana na utumbo. Hili la mwisho wafugaji wanalitumia kila wiki bila kujua nani aliliandika. Kifaranga huingiza kiini kilichobaki tumboni mwake kabla ya kutoka kwenye ganda, na akiba hiyo ndiyo inayowezesha vifaranga wa siku moja kupakiwa kwenye maboksi na kusafirishwa mkoa hadi mkoa bila kula.

Pafu na moyo

Swali la kwanza alilolipeleka kwenye yai lilikuwa hili: je, viungo vya mnyama, moyo, pafu, ini, jicho, huumbika vyote kwa pamoja, au kimoja baada ya kingine? Mwenyewe anakumbusha kuwa katika mashairi yaliyonasibishwa na Orpheus, mwimbaji wa hadithi za Kigiriki, mnyama alisemwa kuumbika kama wavu unavyofumwa. Upande wa pili kulikuwa na wazo lililowasumbua Wagiriki tangu mwanafalsafa Anaxagoras: nywele zitatokaje katika kisicho nywele, na nyama katika kisicho nyama? Ukilitilia maanani swali hilo, njia rahisi ya kulikimbia ni kusema kila kitu kimo tangu mwanzo, ila ni kidogo mno kuonekana.

Aristotle analimaliza kwa maneno machache. Kwamba viungo haviumbiki kwa pamoja, macho yanatosha kuonyesha, maana vingine viko tayari wakati vingine havionekani. Mtu akisema vipo ila ni vidogo, si kweli: pafu ni kubwa kuliko moyo, na hata hivyo linaonekana baada ya moyo.

Katika maandiko yake yote ya wanyama sijakutana na hoja inayonifurahisha kuliko hii. Utetezi wa "ni kidogo mno kuonekana" kwa kawaida haukamatiki; kila ukisema hukioni, mwenzako anasema ongeza makali ya macho. Aristotle anaudai utetezi huo ulipe deni lake. Kama udogo ndio sababu ya kutoonekana, basi kikubwa kingetangulia kuonekana. Kilichotangulia ni kidogo.

Hoja ina mwanya, na karne nyingi baadaye mwanya huo ulitumika. Marcello Malpighi, aliyekuwa na hadubini, alichapisha mwaka 1673 uchunguzi wake wa kifaranga ndani ya yai, na akaamini aliona mwanzo wa viungo hata katika yai ambalo halijaatamiwa. Katika karne ya 18 Albrecht von Haller alishikilia kwamba viungo vimo tangu awali, ila havionekani kwa sababu ni laini mno na vinapitisha mwanga. Kwa mtu wa mawazo hayo pafu na moyo si kitu: pafu lilikuwepo, lilikuwa angavu tu. Aliyeuziba mwanya ni Caspar Friedrich Wolff. Alianza na tasnifu yake ya 1759, kisha akaonyesha kwamba utumbo wa kifaranga hauanzi kama utumbo mdogo. Unaanza kama tabaka bapa linalojikunja mpaka likawa mrija. Kitu bapa hakiwezi kuwa mrija uliojificha, hata ukiwa angavu namna gani. Wolff alikuwa na vioo ambavyo Aristotle hakuwa navyo, lakini njia ya kubishana ni ile ile: usiulize tu kama kiungo kimeonekana, uliza kimeonekana kikiwa katika hali gani.

Basi katika swali la kwanza Aristotle alishinda. Viungo hufuatana. Na hapo hapo akampitia Democritus, mwanafalsafa aliyemtangulia, aliyesema kuwa sehemu za nje za mnyama hutangulia, kisha za ndani. Hiyo, akasema, ingekuwa sawa kwa wanyama wa mti au wa jiwe. Mnyama hai anahitaji chanzo cha kukua ndani yake mwenyewe, na chanzo hicho ni moyo, ndiyo maana unatangulia.

Angalia alivyoponyoka. Sentensi iliyotangulia inasema moyo hutangulia. Inayofuata inasema *ndiyo maana* hutangulia. Ya kwanza ilitoka ndani ya yai. Ya pili imetoka wapi?

Uti wa mgongo wa Empedocles

Hapa anaingia mpinzani mkubwa. Empedocles alikuwa mtu wa Acragas katika kisiwa cha Sicily, karne ya 5 KK, mwanafalsafa aliyeandika kwa mashairi. Katika mashairi hayo kulikuwa na wakati wa zamani ambapo vichwa viliota bila shingo, mikono ilitangatanga bila mabega, macho yalizurura bila paji la uso. Vipande vikakutana ovyo ovyo, wakatokea ng'ombe wenye nyuso za watu na watu wenye vichwa vya ng'ombe. Ni picha kali, na watu wengi wakimsoma huishia hapo.

Aristotle anamvizia mahali padogo zaidi. Empedocles alisema uti wa mgongo una pingili kwa sababu ulivunjika kiumbe kilipojipinda wakati wa kuumbika. Maelezo ya kupendeza, kusema kweli. Hayahitaji mungu, hayahitaji kusudi. Kilichopo ni jinsi kilivyo kwa sababu ya lililotokea njiani.

Majibu ya Aristotle ni mawili. La kwanza, mbegu iliyomwanzisha mnyama lazima iwe tayari na uwezo wa kuleta kitu cha namna hiyo. La pili, mzazi alikuwepo kabla, na si katika fikra tu, katika wakati pia: mtu huzaa mtu. Juu ya hayo anaweka kanuni ambayo kisa chote kinaning'inia kwake, kwamba ukuaji ni kwa ajili ya kiumbe, wala si kiumbe kwa ajili ya ukuaji. Nyumba haiwi vile ilivyo kwa sababu matofali yalipangwa hivi. Matofali hupangwa hivi kwa sababu nyumba inatakiwa iwe vile.

Tuwape nafasi wote wawili. Empedocles angeweza kujitetea. Kuvunjika kulitokea mara moja, zamani, na wote tuliofuata tumerithi. Lakini akisema hivyo atakuwa amekubali jibu la kwanza la Aristotle, maana sasa mbegu inabeba pingili, na ajali si maelezo tena ya huyu mtoto wa mbuzi aliyezaliwa leo asubuhi na pingili zake kamili. Akikataa kurithi, aseme kila mtoto huvunjika upya, atakuwa na kazi ya kueleza kwa nini ajali ile ile humpata kila mtoto wa kila mnyama mwenye mgongo, mahali pale pale, kila kizazi. Ajali isiyokosa hata siku moja ina kitu kinachoiongoza.

Kwa hiyo ukiuliza kifaranga *hiki* kimepataje pingili zake, Aristotle yuko mbele sana. Ukiuliza wanyama wa *kwanza* kabisa walizipataje, hana la kusema, kwa sababu kwake hapakuwa na wa kwanza. Aina za wanyama kwake ni za milele. Mtu amezaa mtu tangu na tangu. Empedocles alikuwa na swali ambalo Aristotle alilifuta kabla ya kulijibu. Waliokuwa wakigombana walikuwa wamesimama mbele ya mayai mawili tofauti.

Mvua na meno

Lakini haki lazima itendeke: aliyeyaandika mawazo ya upinzani kwa nguvu zaidi ni Aristotle mwenyewe. Katika kitabu cha pili cha somo lake la maumbile kwa jumla, anauliza hivi. Mvua hainyeshi ili nafaka iote. Maji yaliyopanda lazima yapoe, yakipoa lazima yashuke, na nafaka ikaota kwa sababu hiyo. Na ikiozea uwanjani, hatusemi mvua ilinyesha ili iioze. Basi kwa nini tusiseme vivyo hivyo kuhusu meno? Ya mbele yametoka makali, yanafaa kukatia. Magego yametoka mapana, yanafaa kusagia. Hayakutoka kwa ajili hiyo, iliangukia tu. Viumbe ambao mambo yote yaliwaangukia kana kwamba yalipangwa, wakadumu. Wengine wakaangamia na wanaendelea kuangamia, kama ng'ombe wenye nyuso za watu wa Empedocles.

Ukiyasoma hayo leo nywele zinasimama. Charles Darwin aliyatia katika toleo la 1866 la kitabu chake kikuu, akaona humo kivuli cha uteuzi asilia, yaani wanaofaa kudumu na wasiofaa kuangamia, kisha akasema maneno kuhusu meno yanaonyesha jinsi Aristotle alivyokuwa mbali na kuielewa kanuni yenyewe. Hakutambua kwamba Aristotle alikuwa akieleza hoja ya upande mwingine ili aikatae. Miaka kumi na sita baadaye, Februari 1882, baada ya kupokea kitabu cha viungo vya wanyama kwa tafsiri ya William Ogle, alimwandikia mfasiri kwamba Linnaeus na Cuvier, wataalamu wakubwa wa viumbe waliomtangulia, walikuwa miungu yake wawili, lakini mbele ya mzee Aristotle walikuwa watoto wa shule tu. Amelipa.

Aristotle anaikataaje hoja? Anasema mambo ya maumbile hutokea daima, au mara nyingi zaidi. Ya bahati hayako hivyo. Mvua ya masika kule Ugiriki wakati wa baridi hakuna anayeiita bahati. Mvua wakati wa joto kali, ndiyo. Meno hutoka hivyo karibu kila mara. Kama kitu ni ama kwa bahati ama kwa ajili ya fulani, na hakiwezi kuwa kwa bahati, basi ni kwa ajili ya fulani.

Hapa ndipo ninapoachana naye. Milango aliyotuwekea ni miwili, na kuna wa tatu. Kitu kinaweza kuanza bila mpango, kikachujwa kwa kufa kwa wasiofaa, kikarithiwa, na baada ya vizazi vingi mno kikatokea kila mara bila kukosa. Utaratibu wa leo unaweza kuwa mtoto wa bahati ya jana. Ili kuuona mlango huo angehitaji aina za wanyama zinazobadilika na muda mrefu kuliko alioweza kuuwazia. Hakuwa na kimoja wala kingine, na yai haliwezi kumpa mtu hata kimoja, kwa kuwa linaisha siku ya ishirini na moja.

Kusudi lisilo na fundi

Wasomaji wetu wengi, Waislamu kwa Wakristo, huingia katika maandiko haya wakitarajia kumkuta Muumba akipanga viungo. Watamkuta fundi wa aina hiyo kwa Plato, ambaye katika mazungumzo yake kuhusu asili ya ulimwengu anaeleza fundi wa kiungu anayeunda vitu kwa kuutazama mfano. Kwa Aristotle hayupo. Ni upuuzi, anasema, kukana kusudi eti kwa sababu hatumwoni mtendaji akitafakari. Hata ufundi hautafakari. Buibui anafuma, mbayuwayu anajenga kiota, na hakuna aliyekaa kikao. Kusudi liko ndani ya kitu chenyewe, ni umbo ambalo ukuaji wake unaelekea huko usipozuiwa.

Wala si kila kitu kina kusudi. Wanaomcheka kwamba alitafuta faida katika kila unywele hawajamsoma vya kutosha. Jicho, anasema, ni kwa ajili ya fulani. Kuwa la buluu si kwa ajili ya chochote, isipokuwa kama rangi hiyo ni ya jamii nzima ya mnyama huyo. Kuhusu nyongo anaonya waziwazi kwamba tusilazimishe kutafuta faida katika kila kitu. Baadhi ya vitu vipo kwa kusudi, na vingine vinafuata kwa lazima kwa sababu vile vya kwanza vipo. Alimlaumu Democritus kwa kuacha kusudi na kurudisha kila kitu kwenye ulazima. Lakini yeye mwenyewe ulazima hakuufukuza, aliupa kazi ya chini.

Max Delbrück, mwanafizikia aliyehamia biolojia na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1969, aliandika mwaka 1971, nusu mzaha, kwamba kama tuzo hiyo ingetolewa kwa marehemu ingefaa apewe Aristotle kwa kugundua kanuni iliyomo ndani ya DNA: kitu kinachoongoza ujenzi wa kiumbe bila chenyewe kubadilika katika ujenzi huo. Pongezi hizo nazikubali kwa nusu. Kwamba mbegu hubeba uwezo wa kuleta umbo, na si vipande vya mwili vilivyopunguzwa, ni kweli na ni yake. Kwamba ujumbe huo wenyewe una historia, umeandikwa na kufutwa na kuandikwa tena, ni cha upande wa Empedocles zaidi kuliko chake.

Ncha ya yai

Inabaki sehemu ambayo watetezi wake huipita haraka. Aristotle alisema mnyama huanzia upande wa yai uliochongoka. Ncha hiyo, kwake, ndiyo chanzo, na ni ngumu kuliko upande mwingine kwa sababu chanzo lazima kilindwe. Kila mtu aliyewahi kukaa karibu na kuku anayeangua anajua kifaranga hutoboa upande butu, ambako ndiko kwenye nafasi ya hewa. Mtu aliyeyaona majimaji ya jicho yaking'aa juani alikosea upande wa yai. Kilichomponza kinaonekana: safari hii kusudi lilitangulia, macho yakafuata.

Kosa zito zaidi liko katika jike na dume. Alifundisha kuwa dume hutoa umbo na mwendo, jike hutoa maada tu, na kwamba manii huigandisha damu ya jike kama kimea kinavyogandisha maziwa. Kutoka hapo akasema jike ni kama dume aliyepungukiwa. Hakuna yai lililomwambia hivyo. Yai la mamalia halikuonekana na mtu yeyote hadi Karl Ernst von Baer alipoliona mwaka 1827, kwa hiyo kutolijua si aibu. Aibu ni kujaza pengo kwa cheo. Na silaha ya kumpinga ilikuwa katika kitabu hicho hicho. Alipomaliza kueleza uzazi wa nyuki, jambo lililomtatiza sana, aliandika kwamba mambo yenyewe hayajachunguzwa vya kutosha, na siku yakichunguzwa, macho yaaminiwe kuliko hoja, na hoja ziaminiwe tu zikikubaliana na kilichoonekana.

Vitabu vyake vya wanyama vilipita Kiarabu katika karne ya 9 BK, na mwandishi al-Jahiz wa Basra akavitumia na kuvibishia. Mwanzoni mwa karne ya 13 mfasiri Michael Scot akavitoa Kiarabu kuvipeleka Kilatini. Kufikia karne ya 17 vikawa mikononi mwa William Harvey, tabibu wa Mfalme Charles I wa Uingereza, ambaye katika kitabu chake cha 1651 kuhusu uzazi wa wanyama alimtaja Aristotle kuwa kiongozi wake miongoni mwa watu wa kale. Kisha akafanya kile ambacho Aristotle aliagiza kwa nyuki. Alifungua mayai siku baada ya siku, akasema damu inaonekana kabla ya moyo. Akaonyesha kwamba kifaranga huanzia kwenye doa dogo jeupe lililo juu ya kiini cha njano, doa ambalo liko katika kila yai linalovunjwa jikoni. Akafungua pia matumbo ya kulungu wa mfalme baada ya kupandana, mmoja baada ya mwingine, akitafuta lile donge la damu na manii ambalo Aristotle alilieleza. Hakulikuta.